Kasumba Katika Bahasha ya Dawa

Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi mstaafu mbele ya wahitimu wa kisomo, karibu na Kwihara, Tabora. Tumeyachapa kama yalivyosemwa. Tumepunguza marudio tu.

 

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya dawa za kulevya. Nikamwuliza, zipi? Akataja bangi, mirungi, na ule unga wa mijini. Nikamwambia, hayo redio inayasema kila siku, na polisi wanayajua. Mimi nataka kusema juu ya dawa nyingine. Dawa hii haiuzwi gizani. Inatoka hospitali. Inaandikwa na mganga aliyesoma, inatiwa katika bahasha ndogo, na mgonjwa anaipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Na bado inaweza kumfunga mtu kamba akashindwa kuifungua.

Wakubwa wa serikali wanaziita dawa tiba zenye asili ya kulevya. Jina ni refu, lakini linasema kweli. Ni dawa, inatibu. Na ina asili ya kulevya. Mambo yote mawili yamo katika kidonge kimoja.

Nieleweke mapema

Sikuja kuwatisha muache dawa za hospitali. Nikifanya hivyo nitakuwa nimewaua wengi kuliko dawa zenyewe.

Ile nyumba ya udongo pale Kwihara, ambayo watoto wa shule hupelekwa kuitazama, alikaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alimwacha pale mwezi wa Machi, naye akangoja wapagazi mpaka Agosti. Watu wengi wanalijua hilo. Ambalo hawalijui ni kwamba miaka mitano kabla ya hapo, Januari 1867, wapagazi wawili walimtoroka njiani wakaenda na sanduku lake la dawa. Livingstone alikuwa tabibu. Alijua maana ya jambo lile. Aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyehukumiwa kufa. Basi, mtu asiye na dawa yumo hatarini, hata akiwa na bunduki na watu wa kumbeba.

Lakini masanduku yale yalikuwa na jambo jingine. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya frasila mbili kutoka Bagamoyo, wakapita Ugogo, wakafika hapa Unyanyembe, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakati huo mahali hapa pakiitwa Kazeh. Wazungu wasafiri wa wakati ule walipenda sana dawa moja ya homa iliyoitwa matone ya Warburg. Ilisaidia kweli, maana ndani yake mlikuwa na kwinini. Mwenyewe Warburg alificha namna alivyoichanganya. Siri hiyo ilitangazwa mwaka 1875. Ndipo watu wakasoma kwamba pamoja na kwinini mlitiwa afyuni.

Afyuni kwa Kiswahili cha zamani inaitwa pia kasumba. Ninyi mnalijua neno hili kwa maana ya siasa. Tulikuwa tunaambiwa tuondoe kasumba ya ukoloni, yaani mawazo ya mtu mwingine yaliyoingia kichwani mwako mpaka ukadhani ni yako mwenyewe. Neno limetoka kwenye utomvu wa mmea wa afyuni. Na kwa kweli waliolichukua kulipeleka kwenye siasa walichagua vizuri. Mtu aliyeshikwa na dawa hasemi, "Dawa inanitaka." Anasema, "Mimi naitaka." Anadhani ni shauri lake.

Kutokana na afyuni, Wajerumani walitoa mofini mwanzoni mwa miaka ya 1800. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer, ya huko huko Ujerumani, ilianza kuuza heroini. Ndiyo, heroini hii hii inayoharibu vijana wa Dar es Salaam na Tanga. Iliuzwa kama dawa ya kikohozi! Walidhani haitawazoesha watu kama mofini ilivyowazoesha. Baadaye ikaja pethidini. Mwaka 1977 ikaanza kuuzwa tramadoli. Kila dawa mpya ilipokuja watu walipumua wakasema, hii ya sasa haina neno. Kila mara neno lilikuwapo.

Jamii mbili

Tuzigawe dawa hizi katika jamii mbili, ili msichanganyikiwe.

Jamii ya kwanza ni ya afyuni. Hizi hutuliza maumivu makali. Wamo mofini, pethidini, tramadoli, na kodeini ambayo hutiwa katika baadhi ya dawa za kikohozi za maji.

Jamii ya pili ni ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Mkubwa wao ni diazepamu, iliyotoka mwaka 1963 kwa jina la Valium. Dawa hii inaokoa watoto wenye degedege, nimeiona kwa macho yangu mara nyingi. Ndugu zake mtawatambua kwa kusoma, na hapa ndipo kisomo chenu kinapofanya kazi. Maandishi ya pakiti ni ya Kiingereza, lakini herufi ni zile zile mlizojifunza. Tazameni mwisho wa jina. Likiishia na p, a, m, basi mara nyingi ni ndugu wa diazepamu. Huko Mombasa na pwani yote ya Kenya vidonge vya jamii hii vina jina la mtaani. Wanaviita bugizi. Vijana wanavimeza kwa makusudi wapate kulewa. Huku kwetu wengi hawalewi kwa makusudi. Wanaingia kwa kupitia ugonjwa.

Wanaingiaje? Mwili wa mtu una dawa yake wenyewe ya maumivu. Mungu aliiweka. Ukiumia, mwili unaitoa kidogo kidogo, ukaweza kuvumilia. Sasa tuseme jirani anakuletea ugali kila siku asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza unashukuru na bado unalima. Mwezi wa tatu jembe limeingia kutu, na shamba limeota magugu. Siku jirani akiacha kuleta, unakufa njaa, si kwa kuwa huna shamba, ila umeliacha. Ndivyo mwili unavyofanya. Dawa ikija kutoka nje kila siku, mwili unaacha kutengeneza ya kwake. Tena kidonge kimoja kilichotosha mwanzo hakitoshi tena. Vinatakiwa viwili, halafu vinne.

Na mtu akikatiwa ghafla, mwili unalia. Kwa jamii ya afyuni atapiga miayo, atatokwa machozi na kamasi, atahara, tumbo litamkata, ngozi itasisimka kama mtu wa baridi, na usingizi hatapata. Watu wa nyumbani watasema ni malaria. Wakipima hakuna malaria. Basi watasema karogwa.

Mama wa bahasha

Nitawaeleza habari ya mama mmoja. Jina lake naliacha, kijiji chake naliacha, na zahanati aliyotibiwa naiacha pia.

Mama huyu alifiwa na mumewe. Baada ya arobaini alikuwa halali. Alikaa macho usiku kucha akisikia hatua za marehemu uani. Akaenda kutibiwa, akapewa diazepamu. Bahasha iliandikwa hivi: 1 x 1, usiku. Chini yake palikuwa na 5/7. Huyu mama alikuwa mwanakisomo kama ninyi. Alisoma namba zote bila kukosea. Moja mara moja, alielewa, kidonge kimoja mara moja kwa siku. Lakini ile tano juu ya saba hakuna aliyemweleza. Akafikiri, siku saba ni wiki, basi nimeze siku tano na kupumzika siku mbili, kila wiki. Akili yake ilikuwa nzuri kabisa. Hata mimi kama nisingefundishwa ningesoma hivyo.

Ndugu zangu, andikeni hili katika madaftari yenu. Katika maandishi ya waganga, 5/7 maana yake ni siku tano, basi. Juu ni hesabu ya siku, na ile saba ya chini inaonyesha tu kwamba tunahesabu siku za wiki. Ukiona 2/52, maana yake wiki mbili, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Ukiona 1/12, maana yake mwezi mmoja. Na ile 1 x 3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane, usiku ukiwamo. Ni aibu kwamba tunawaandikia watu kwa mafumbo haya. Kuandika "siku tano" kungetumia wino kiasi gani?

Vidonge vilipokwisha mama alikwenda dukani na bahasha yake. Mwenye duka alitazama bahasha, akampa vingine. Hakuuliza cheti. Mwezi uliofuata hakutazama hata bahasha. Wakawa wamezoeana. "Mama, vile vyako?" "Ndiyo mwanangu, vile vyangu." Zile siku mbili za kupumzika aliziacha mapema, maana hakulala kabisa siku hizo. Kidonge kimoja kikawa viwili. Ikafika miaka minne.

Katika miaka hiyo minne ni mambo gani yalitokea nyumbani? Asubuhi alikuwa mzito. Aliingia shambani jua limekwisha panda. Msimu wa pili alilima nusu ya eneo lake. Alisahau sufuria jikoni, mjukuu akaungua mkono. Alianguka usiku akienda chooni, akavunjika kifundo cha mkono. Wakwe walisema kwamba anakunywa pombe kwa siri. Binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, aliacha shule akawa ndiye mama wa nyumba. Hakuna mtu aliyesema, "Ni vile vidonge." Vidonge vilikuwa dawa, na dawa haisingiziwi.

Halafu ukaja mwezi wa masika, mto ukajaa, gari halikufika, na duka likaishiwa. Siku ya kwanza mama hakulala. Siku ya pili alitetemeka, akatokwa jasho, akasikia sauti. Siku ya tatu alianguka, akakakamaa, akatokwa povu. Ndugu wakasema kifafa. Mwingine akasema mashetani ya marehemu. Mbuzi wawili walikwenda kwa mganga wa kienyeji kabla mtu mmoja hajapata akili ya kumweka juu ya baiskeli na kumpeleka hospitali.

Hospitali hawakumpa hotuba. Walifanya nini? Walimrudishia diazepamu! Ndugu walishangaa sana. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Dawa za jamii hii, aliyezimeza muda mrefu hazikatwi ghafla. Ukizikata ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Zinapunguzwa kidogo kidogo, robo ya kidonge baada ya robo, kwa wiki nyingi, mganga akiangalia. Kwa mama huyu ilichukua karibu miezi minane. Miezi minane ya kulala vibaya, kulia bila sababu, na kugombana na binti yake aliyekuwa anamtunzia vidonge katika kibweta chenye kufuli. Alipona. Lakini binti hakurudi shule. Hilo halikuponywa na mtu yeyote.

Wako pia wanaume

Msidhani ni mambo ya akina mama. Namjua mkulima wa tumbaku aliyeanguka na pikipiki, akavunja mguu, akapewa tramadoli. Mguu uliunga. Tramadoli ikabaki. Kuvuna tumbaku mnakujua, mgongo unakatika. Akaona akimeza anafanya kazi kama vijana wawili. Kweli alifanya, msimu mmoja. Msimu wa pili alikuwa anameza ili aweze tu kuamka. Akauza baiskeli, akauza bati zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya nyumba mpya, mwisho akachukua fedha za mauzo ya tumbaku kabla hazijafika nyumbani. Siku moja alimeza nyingi akapata kifafa, kwa maana tramadoli ikizidi huleta hivyo. Mke alirudi kwao na watoto watatu.

(Kuna mzee hapa mbele anacheka kwa sababu nimetaja tumbaku. Cheka tu, mzee wangu. Sisi watu wa Urambo na Sikonge na Kaliua tunaujua uraibu vizuri, tumeulima na kuuza kwa kilo. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Madereva wa malori nao wamo. Na wauguzi na waganga wenyewe wamo, duniani kote, kwa kuwa kabati la dawa liko chini ya mikono yao. Siwafichi jambo hilo. Mganga anayejichoma pethidini usiku ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine.

Na tusidhani utajiri unazuia. Marekani mwaka 1996 kampuni moja, Purdue, ilianza kuuza kidonge cha maumivu cha jamii ya afyuni kilichoitwa OxyContin. Waganga waliambiwa kwamba hatari ya kumzoesha mtu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba ilidanganya juu ya hatari hiyo. Watu wakaanza na kidonge cha mgongo, wakaishia na heroini na vitu vikali zaidi. Katika mwaka mmoja tu, 2021, Wamarekani zaidi ya 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kulevya za kila namna, na wengi wao ni kwa dawa za jamii ya afyuni. Nigeria nayo ilipiga marufuku dawa za kikohozi zenye kodeini mwaka 2018, kwa sababu vijana walikuwa wakizinywa kwa chupa.

Msichanganye mambo

Sasa naomba mnisikilize sana, maana hapa watu wanakufa kwa kusikia nusu.

Kumeza dawa kila siku si uraibu. Mwenye shinikizo la damu anameza kila siku. Mwenye kisukari, mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye kifafa, wote wanameza kila siku, na waendelee. Mtoto mwenye kifafa akiambiwa na shangazi yake, "Wewe utakuwa teja, acha hivyo vidonge," akaviacha, anaweza kuanguka motoni au kisimani. Nimeona makovu hayo. Tofauti iko wapi? Mwenye kifafa haongezi vidonge mwenyewe. Haendi duka la pili kwa siri. Hadanganyi kwamba vimepotea. Haachi shamba ili avitafute. Anameza kama alivyoelekezwa, na maisha yake yanakuwa bora kuliko zamani. Aliyeshikwa, maisha yake yanaharibika, naye anajua, na bado hawezi kuacha.

Jambo la pili ni mofini kwa wenye saratani. Nimeona wagonjwa wanaolia kwa maumivu siku na usiku, na jamaa wanakataa mofini, eti atazoea. Jamani! Mtu amebakiwa na miezi miwili, wewe unaogopa azoee? Jirani zetu wa Uganda walilielewa hili mapema. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji, isiyo ya bei kubwa, ikawafikia wagonjwa mpaka vijijini. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Kwetu, Hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam inaitumia kwa wagonjwa wa saratani. Mgonjwa wa namna hii msimnyime. Mjue tu kuitunza chupa, na akifariki mwirudishe hospitali. Isibaki kabatini kwa ajili ya kijana wa nyumba.

Akishashikwa je?

Kwanza, acheni kumwita teja mbele ya watoto wake. Kumfungia chumbani kwa kamba nako sikubaliani nako hata kidogo, ingawa najua kuna watu wazuri wanaofanya hivyo kwa huruma. Mtu wa vidonge vya usingizi anaweza kufia ndani ya chumba hicho. Na mtu wa afyuni akikaa mwezi mmoja bila dawa, mwili wake unasahau. Akitoka akameza kiasi kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika usiku huo huo.

Mkimkuta amelala hashtuki, anapumua polepole sana, midomo imebadilika rangi, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, hiyo ni sumu ya afyuni. Mlazeni kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Msimnyweshe maziwa wala kitu chochote. Mpelekeni hospitali kwa chombo chochote kilichopo. Iko dawa ya kumwamsha, inaitwa naloksoni. Na kama alichanganya vidonge na gongo, fanyeni haraka mara mbili, maana viwili hivyo vikikutana vinazima pumzi upesi.

Matibabu yapo. Hapa mjini tuna Kitete, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Dodoma iko Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyofunguliwa mwaka 1927, palepale Ugogo misafara ilipokuwa ikitafuta maji. Kwa walioshikwa na heroini na ndugu zake, serikali ilianza kutoa dawa ya methadoni pale Muhimbili Februari 2011. Baadaye zikafunguliwa kliniki nyingine, na kwa upande wetu huu zilizo karibu ni za Mwanza na Dodoma. Hailipiwi. Lakini mgonjwa anakwenda kuinywa kila siku mbele ya muuguzi, na mtu wa Ulyankulu atakwendaje Mwanza kila siku? Hilo ni swali ambalo wawakilishi wetu wangefaa kuulizwa siku za mikutano. Ziko pia nyumba za upataji nafuu, ambako mtu anakaa na wenzake walioacha.

Na wenye maduka! Wako hapa wawili, nawaona. Dawa za jamii hizi mbili haziuzwi bila cheti cha mganga, na cheti cha jana hakigeuki kuwa cha mwaka mzima. Tangu mwaka 2015 tunayo sheria ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, na Mamlaka inayoisimamia ina simu ya bure, namba 119. Lakini mimi sitaki mngojee sheria. Yule mama alipokuja mara ya pili, neno moja tu lilitosha: "Mama, hii iliandikwa siku tano. Rudi kwa mganga."

Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikaa vikundi vikundi tukisikiliza redio, tukisoma kitabu, halafu tukaondoka na majembe tukachimba vyoo. Nawaombeni mfanye hivyo hivyo. Leo jioni kila mtu afungue pale anapoweka dawa nyumbani, atoe bahasha zote, azisome. Iliyokwisha siku zake ipelekwe zahanati. Ambayo hamuielewi, ipelekwe ikaelezwe.

Swali kutoka kwa wasikilizaji

Baada ya mazungumzo mama mmoja alisimama akauliza: "Mwanangu anakuja usiku anatetemeka. Anaomba fedha ya vidonge. Nisipompa anapiga kelele mpaka majirani wanaamka. Nikimpa, baba yake ananigombeza kwamba mimi ndiye ninayemharibu. Nimpe au nisimpe?"

Muuguzi alijibu: "Mama, umeuliza swali gumu kuliko hotuba yangu yote. Fedha mkononi usimpe. Lakini usimwache peke yake pia. Kwanza ujue anameza nini. Mwambie akuonyeshe pakiti, uisome mwisho wa jina. Kama ni ndugu wa diazepamu, usiku huo usimkatie. Kama kidonge kipo nyumbani, mpe kiasi alichozoea, lakini kama amekunywa pombe au amelewa usimpe. Asubuhi mapema uende naye hospitali, wewe mwenyewe, usimtume peke yake. Kama hakipo na anatetemeka sana, msingoje asubuhi. Kama ni jamii ya afyuni, atateseka sana siku kadhaa, lakini mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi hafi kwa mateso yale. Mpe maji yenye chumvi na sukari kwa sababu ya kuhara, mfunike, kaa naye, na kesho mwende vile vile. Baba yake naye aende, asibaki nyumbani kugomba. Na bahasha na pakiti zote, hata tupu, mzichukue. Mganga atataka kuziona."

Mama akauliza tena kama atapewa barua ya kwenda nayo. Muuguzi akamwambia akae nyuma baada ya mkutano, aandikiwe.